Mstari wa Kumi na Nane

Hodi ilipopigwa, hakuna aliyeitika karibu. Siwema, aliyesimama nje na kifurushi chake mkononi, alisikia kiti kikianguka, mtoto akizibwa mdomo, na sauti ya mwanamume ikinong'ona kwa hofu, "Nta! Mama, tia nta!"

Mlango ulipofunguliwa, alimkuta mwanamume wa makamo amesimama wima kama askari wa zamu. Nyuma yake, mkewe na watoto watatu walikuwa wamejipanga ukutani. Pembeni, juu ya kigoda, alikaa ajuza mwembamba mwenye madonge mawili ya nta ya nyuki masikioni.

"Masikio matano, Bi Mkaguzi," mwanamume alisema kabla hajaulizwa. "La sita limezibwa. Tazama mwenyewe."

"Mimi si mkaguzi, kaka. Ni mgeni. Naomba maji ya kunywa, na kama ipo nafasi, pa kulala siku chache."

Ajuza alikuwa akiitazama midomo yake. Alichomoa donge moja la nta, akacheka kicheko kikavu. "Kombo, mwanangu, toa kiti. Tangu lini mkaguzi akaomba maji? Mkaguzi hunywa bila kuomba."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sema kwa nguvu, mjukuu wangu. Sikio lenyewe linaaga."

Ndivyo Siwema alivyopata nyumba ya kufikia katika nchi ya Vibuyani.

Hakufika huko kwa kupotea. Aliitafuta. Jinsi alivyosafiri si jambo la kumchosha mtu. Safari ndefu zote ni vumbi na miguu kuuma. Lenye maana ni kilichomtoa kwao. Alimaliza chuo mwaka ule, na mwezi uleule aliomaliza, baba yake alifariki. Alikuwa seremala. Kila alipopiga randa aliimba wimbo mmoja, ambao hakuuimba popote pengine wala hakumfundisha mtu. Siwema aliudaka tu utotoni, akiwa anachezea maranda yaliyojikunja sakafuni. Baada ya mazishi aligundua kwamba duniani kote hakuna mwingine anayeujua. Akaanza kuubeba kwa hofu, kama mtu aliyeshika yai katikati ya gulio. Siku moja alishikwa na homa, na mstari mmoja ukamponyoka tangu asubuhi hadi adhuhuri kabla haujarudi. Siku hiyo ndipo alipofunga kifurushi. Alikuwa amesikia kwamba iko nchi ambayo nyimbo zote zimehifadhiwa, na kwamba hakuna hata mmoja uliowahi kupotea. Aliamini. Aliamini pia kwamba watu wenye nyimbo zote lazima wawe watu wenye furaha.

Langoni walimpokea vizuri. Afisa alimsomea sheria za nchi kutoka kwenye gombo refu, kwa kasi ya mtu anayekimbia mvua, na kila aliposimama kumeza mate Siwema alitakiwa kusema "Nimekubali." Alisema nimekubali mara thelathini na moja. Mwisho aliomba asomewe polepole.

Afisa alimtazama kwa mshangao usio na ubaya. "Mwanangu, mwaka wa ishirini huu naketi hapa. Hata mimi sijui linasema nini. Sema nimekubali, jua linachoma."

Kisha vikaletwa vibuyu vidogo. Sheria ilikuwa kwamba mgeni haingii na wimbo kichwani. Atauimba ndani ya kibuyu, kizibo kitafungwa, na siku ya kuondoka atarudishiwa. Ni kwa usalama wa nyimbo zenyewe, afisa alisema, na neno usalama lilimtuliza Siwema kwa sababu ndilo aliloliendea. Nyimbo zake zilikuwa kumi na nane: za shule, za harusi za mashangazi, za kuruka kamba, bembelezo la mama yake. Wa baba yake aliuweka mwisho, kwani mkono ulisita.

"Jina la wimbo?"

"Hauna jina."

"Mwimbaji?"

"Baba yangu."

Afisa aliandika: *Hauna jina. Mwimbaji hajulikani.*

"Lakini nimekutajia."

"Baba si jina, baba ni cheo. Imba, wenzako wanasubiri."

Aliimba. Kizibo kilipoingia, alihisi wimbo ukirudi nyuma kichwani, ukaenda kukaa pale majina yanapokaa mtu anapoyasahau kwa muda: unajua lipo, unajua linaanzaje, ila ulimi haulifikii. Akapewa kibao chenye mikato kumi na minane, akaambiwa akitunze.

*

Kibuyu cha nyumba ya Kombo kilikaa sebuleni mahali pa heshima, kikubwa kama mtungi wa maji, na nyimbo zilikuja ndani yake kutoka Ghala Kuu.

"Zote," Kombo alimwambia alasiri ile ya kwanza, akikipangusa kwa kiganja. "Nyimbo zote za dunia, dada. Taja unaotaka. Babu zetu walikuwa na kumi, ishirini. Maskini."

Alikigonga mara mbili, na wimbo ukaanza: kinanda na sauti ya mwanamke, mzuri kiasi kwamba Siwema alisahau njaa. Ubeti wa pili haujafika nusu, mlango ukasukumwa, akaingia mtu mwenye kofia nyekundu na kengele. Hakubisha, hakusalimia. Kibuyu kilinyamaza chenyewe.

"Sabuni!" mtu yule alitangaza mbele ya uso wa Siwema. "Sabuni ya Mlimani! Povu lisilokuacha!" Watu wa nyumba walikaa wameinamisha vichwa, kama wanaongoja dua iishe. Mpiga mbiu alirudia mara tatu, akatoka. Kibuyu kikaanza tena, lakini si wimbo ule. Ulianza wimbo wa msiba, wa sauti nzito za wanaume wanaoshusha jeneza.

"Na ule wa kwanza?"

"Umepita," Kombo alisema.

"Na huu mbona wa kilio? Kuna msiba?"

Kombo alikuna shingo. "Mwaka juzi nilimzika rafiki yangu. Siku ile niliomba wimbo mmoja wa maombolezo. Mmoja tu. Mjuzi wa mtaa akaandika kwamba napenda misiba. Tangu hapo ndizo zinazokuja. Mdogo wangu alipooa, maharusi walitoka nje kwa wimbo wa kufukia kaburi. Bibi harusi alilia. Mjuzi akaandika kwamba umempendeza."

Mjuzi mwenyewe, Bwana Kitwana, aliishi mkabala na nyumba hiyo. Kazi yake ilikuwa kukaa dirishani na daftari, kuandika kila mtu alichosikiliza, na kumwamulia atakachopenda baadaye. Siwema alikwenda kumwona kesho yake, kwa nia njema kabisa, kumweleza kwamba Kombo amechoka na misiba.

"Mtu hajijui, dada yangu," Bwana Kitwana alisema kwa upole. "Tungewaachia wajichagulie, wangebaki na nyimbo walizozipenda, zilezile, hadi kufa. Wewe, kwa mfano, ni mtu wa huzuni ya wastani."

"Lakini sijasikiliza kitu bado."

"Naam. Wenye huzuni ya wastani huanza hivyohivyo." Akaandika.

Kila siku Siwema alijifunza sheria mpya, na kila sheria, ikielezwa, ilikuwa na sababu. Nyumba moja iliruhusiwa masikio matano, mtu mmoja akihesabiwa sikio moja, ili nyumba moja isisikilize kwa niaba ya mtaa mzima. Mtoto wa tatu wa Kombo alipozaliwa, masikio yakawa sita, na wakaguzi wakataka jina moja lifutwe. Siku mbili zilipita bila jina kuchaguliwa. Siku ya tatu ajuza, mama yake Kombo, alisema, "Nifuteni mimi. Mtoto atasikia nini, asikie ukuta?" Tangu siku hiyo kibuyu kikigongwa, yeye hutia nta. Jina lake lilikuwa Bi Zamoyoni.

Chumba cha nyuma alicholazwa Siwema kilijaa vibuyu hadi darini, vya kila umbo, vyote vimefungwa. Hivyo vilikuwa vya babu na baba wa nyumba. Vya zamani vilikuwa na vizibo vya duara. Baraza la Vizibo likaamua duara limepitwa na wakati, likatoa vya pembe nne, na funguo za duara zikakusanywa na kuchomwa. Baada ya miaka tisa pembe nne nayo ikaonekana ushamba.

"Kwa hiyo humu mna nyimbo, ila hazifunguki?" Siwema aliuliza.

"Mamia," mke wa Kombo alisema. "Tunavifuta vumbi kila Ijumaa."

"Na mkivivunja?"

Mwanamke alishtuka kama aliyesikia tusi. "Kibuyu kikivunjwa wimbo humwagika. Haurudi kwa mwenyewe wala kwa mtu yeyote. Ni kama haukuwahi kuimbwa."

Lakini lililomkosesha Siwema raha lilikuwa jingine, na ilimchukua siku nne kulijua ni nini. Katika nchi ile hakuna aliyeimba. Wanawake walifua kimya. Mafundi walipiga nyundo bila kufuatisha chochote. Mama alimbembeleza mtoto kwa kumtikisa tu, kama anayepepeta mchele. Sheria ilikataza wimbo wa mdomo, ni kweli, lakini Siwema aliona kwamba hata isingekataza wasingeweza. Hakuna aliyewahi kusikia wimbo ukafika mwisho. Vichwa vyao vilikuwa vimejaa mianzo. Alimuuliza binti mkubwa wa Kombo ni wimbo gani anaoupenda kuliko zote, na mtoto akafikiri sana, akajibu kwa dhati: "Ule wa sabuni."

*

Bi Zamoyoni alimweleza habari zake mchana mmoja, nyumba ikiwa tupu, wawili wakichambua mboga. Siwema alikaa upande wa sikio lake la kushoto, lililokuwa na uhai kidogo.

"Mimi nimeimba, mjukuu wangu. Usinione hivi. Mimi na mdogo wangu Somoe tulikuwa wasokota kamba. Kamba za makumbi. Kamba haisokotwi na mtu mmoja: huyu anavuta huku, yule anasokota kule, na mkipishana pumzi inakatika. Kwa hiyo tulikuwa na wimbo. Mimi naimba mstari, yeye ananijibu. Beti tatu, mistari yangu sita sita. Watu walikuja kutusikiliza, si kununua kamba."

"Ukawa unasemaje?"

"Ndilo hilo. Uko kibuyuni." Aligusa midomo yake. "Ghala lilipoanza, walitangaza kwamba wimbo ambao haukupelekwa hadi siku fulani utahesabiwa hauna mwenyewe. Somoe alikuwa mgonjwa. Tuliimba kibuyuni kitandani kwake, yeye amelala, mimi nimeketi. Akaniambia, dada, upeleke, usituache tukapotea. Nikaenda. Foleni ya Ghala ilikuwa siku sita. Niliporudi, walikuwa wamekwisha kumzika."

Alichambua majani kadhaa kabla ya kuendelea.

"Mstari wangu wa mwisho ni swali. Mimi nauliza, Somoe anajibu, ndiyo basi. Alinijibu nini, sijui. Miaka arobaini sijui. Nimeomba Ghala wanirudishie niusikie mara moja. Kila nikienda, neno la siri silikumbuki, au jina langu haliko. Na sasa sikio linafunga. Mganga kasema mwezi huu hauishi." Alitabasamu. "Nisingejali. Zimepita nyimbo nyingi. Ila nataka nisikie nilijibiwa nini."

Siwema alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na aliamini kwamba ofisi ikielezwa jambo vizuri italielewa. Alimshika mkono.

"Nitakuletea, bibi. Wote. Hadi mstari wa mwisho, bila kukatwa katikati."

"Usiahidi kubwa, mwanangu."

"Si kubwa. Ni wimbo mmoja."

*

Ghala Kuu lilikuwa na milango mia na madirisha ya kuhudumia watu mawili. Katika foleni Siwema alikaa siku mbili tu, kwa sababu foleni ya wageni ilikuwa fupi. Dirishani alikuta karani mwenye sura ya uchovu, aliyejitambulisha kwa jina la Bi Raziki.

"Neno la siri la mwenye wimbo?"

"Amelisahau. Ni mzee sana."

"Basi ajibu swali alilojiwekea mwenyewe. Ana nafasi tatu, wewe ukimjibia." Bi Raziki alifunua jalada. "Swali: unampenda nani kuliko wote?"

Bi Zamoyoni alikuwa amemwagiza, wakiniuliza swali, sema wajukuu zangu. Siwema akasema wajukuu zake.

"Sivyo."

"Mumewe, marehemu."

"Sivyo. Imebaki moja."

Siwema alijilaumu kwa kutolijua mapema. "Somoe," alisema.

Karani aligonga mhuri. Lakini mhuri ulikuwa mwanzo tu. Wimbo uliandikwa mara tatu: mara moja kwa Zamoyoni na Somoe, mara moja kwa Somoe na Zamoyoni, na mara moja kwa Zamoyoni akisaidiwa na Somoe. Kwa Ghala hao walikuwa waimbaji watatu tofauti, na Baraza la Majina lilikuwa mwaka wa kumi na moja likijadili nani kamwibia nani. Nyuma ya Bi Raziki, makarani wawili walikuwa kwenye mjadala huohuo.

"Anayetajwa kwanza ndiye mwenye wimbo," mmoja alisema.

"Na kama walikuwa wakiimba pamoja?"

"Pamoja ni nani? Mtafutie Pamoja namba yake kwenye jalada."

"Sitaki namba," Siwema aliwaambia, akijitahidi sauti isipande. "Hao ni watu, na mmoja wao yu hai, anachambua mboga. Anataka kusikia mara moja tu kabla masikio yake hayajaziba."

Makarani walimtazama kwa huruma ya kweli. Hawakuwa watu wabaya. Hilo lilimuumiza zaidi. Bi Raziki aliinama dirishani, akasema kwa sauti ya chini, "Kibuyu hakitoki. Lakini mgeni ana haki ya sikizo moja, humuhumu. Njoo."

Kibuyu chenyewe kilikuwa kidogo, kimeandikwa *Nyimbo za Kulaza Watoto*. Bi Raziki alikifungua. Sauti ya Bi Zamoyoni ilitoka, ya ujana, yenye nguvu, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto:

*Vuta kwako, dada, vuta…*

Kisha kimya, urefu wa pumzi moja. Kisha:

*Nami kwangu nasokota…*

Kimya tena. Kila mstari ulifuatwa na shimo. Siwema alingoja sauti ya pili hadi ubeti wa tatu. Haikuja. Mstari wa kumi na nane uliuliza, *Nani aliyeachia?* na hakuna aliyejibu.

"Wa pili yuko wapi?"

"Amenyolewa," Bi Raziki alisema. "Ghala lilijaa, ikabidi nyimbo zipunguzwe. Zilizo juu sana zilinyolewa, zilizo chini sana, na zilizoonekana ni marudio. Watu hawakugundua."

"Mlivyonyoa viko wapi?"

"Havina kibuyu. Hatujui vinakokwenda."

Siwema alisimama pale akisogeza midomo. Kichwa chake, kilichokaa kitupu tangu langoni, kilikuwa kimeushika wimbo wote kama udongo mkavu unavyoshika maji. Bi Raziki aliiona ile midomo, akamkamata kiwiko.

"Usiutoe nje ya ulimi. Sikiliza. Juu ya kila paa la saba yupo msikilizi mwenye vibao. Raia akiimba, anafutwa sikio. Mgeni akiimba, kila mstari mmoja, kibao kinagongwa, wanapokezana hadi langoni, na langoni kinavunjwa kibuyu chake kimoja. Kwa mpangilio alioandikisha. Uliweka ngapi?"

Siwema alitoa kibao chake kifukoni, ingawa hakuhitaji kuhesabu mikato.

"Kumi na nane."

"Na huu wimbo?"

Siwema alikifumba kibao kiganjani. Bi Raziki aliweka kizibo mahali pake, akakaza kuliko ilivyohitajika. "Nenda nyumbani kwenu, binti. Chukua vyako uende."

*

Alikwenda kwa miguu hadi nyumbani kwa Kombo, akifikiri njia nzima. Alifikiri kumnong'oneza ajuza, lakini alipofika alikuta Bi Zamoyoni ameketi uani juani bila nta, na kibuyu kinapigwa ndani wazi.

"Nta haina kazi tena," Kombo alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Tangu juzi. La kulia limekufa. La kushoto ukipiga kelele analipata neno, neno."

Ajuza alimwona, uso ukafunguka. "Umerudi! Umeuleta?"

Siwema alichuchumaa upande wa kushoto, akapaza sauti hadi kuku wakakimbia. "Nimeuleta nusu, bibi! Sauti yako ipo! Ya Somoe wameinyoa!"

Ilibidi arudie mara tatu. Bi Zamoyoni alipoelewa, hakulia. Alikunja mikono mapajani, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza. "Basi. Ndiyo hivyo. Umejitahidi, mwanangu. Umefika hata pale. Basi."

Siwema alitazama juu. Kwenye paa la nyumba ya tatu msikilizi alikuwa ameegemea, vibao viwili vikining'inia shingoni, akipiga miayo. Aliwaza kwamba anaweza kuondoka kesho na nyimbo zake zote, na hakuna atakayemlaumu. Aliwaza maranda sakafuni. Kisha akawaza kwamba alisema wote, hadi mstari wa mwisho, na kwamba aliyeambiwa maneno hayo ameketi hapa.

Aliweka mdomo karibu na sikio na kuimba. Hakuweza kuimba kwa upole. Ilikuwa kwa nguvu zote au bure.

*Vuta kwako, dada, vuta!*

Kibao kiligongwa juu ya paa. Ko. Mbali kidogo kikajibu kingine, na kingine mbali zaidi, mlio ukakimbia kuelekea langoni. Kombo aliruka kutoka mlangoni, "Dada! Umerukwa na akili? Nyamaza!"

*Nami kwangu nasokota!*

Ko. Alihisi kitu kikimtoka, wimbo wa kuruka kamba labda. Hakuweza tena kujua. Majirani walijitokeza. Bwana Kitwana alisimama dirishani na daftari wazi, kalamu haishuki. Ubeti wa kwanza uliisha. Uso wa Bi Zamoyoni ulikuwa umeinuka, macho yamefumba, na kwenye mstari wa nane midomo yake ikaanza kutikisika. Kwenye mstari wa tisa, katika lile shimo, ilitoka sauti. Ilikuwa nyembamba, yenye mikwaruzo, lakini ilikuwa chini ya sauti ya Siwema kama kitako cha mtungi, na ilishika mistari ya Somoe, si yake. Ilikuwa inajibu.

"Mama!" Kombo alisema. "Mama, watakufuta!"

"Amekwisha kufutwa," mkewe alisema, ameshika mlango. "Sikio halifutwi mara mbili. Mwache."

Mpiga mbiu wa sabuni aliingia uani na kengele yake, akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakuna aliyeinamisha kichwa. Alibaki vile, mdomo wazi, kengele imeshikwa ulimi.

Mstari wa kumi na tano. Ko. Wa kumi na sita. Ko. Bembelezo la mama yake lilikwenda na mstari wa kumi na saba. Alilijua kwa sababu mikono yake ilijikuta imesahau namna ya kupakata. Sasa kichwani mlikuwa na kibuyu kimoja tu. Alimwona baba yake dhahiri, kalamu nyuma ya sikio, randa ikienda na kurudi, na nyuma kabisa, pasipofikiwa na ulimi, wimbo wake ukiwa mzima.

Kombo alikuwa amekwisha kuhesabu mikato kwenye kibao cha Siwema kilichoanguka chini. Alimpigia mama yake kelele sikioni, akimwonyesha mkato wa mwisho. Bi Zamoyoni alifumbua macho. Alisikia kiasi gani, haijulikani. Lakini aliona kibao, aliona uso wa Siwema, akaelewa.

"Acha," alisema. "Mjukuu wangu, acha hapo. Inatosha. Nimesikia vya kutosha. Wa mwisho ubaki."

Msikilizi alikuwa ameinua vibao, anangoja. Siwema alivuta pumzi. Alimtazama baba yake mara moja tena, akakaa naye kidogo zaidi ya ilivyofaa.

*Nani aliyeachia?* aliimba.

Ko, juu ya paa. Ko, mtaa wa pili. Ko, mbali, kuelekea langoni.

Na Bi Zamoyoni, bila kutafuta, kana kwamba neno lilikuwa limekaa mlangoni miaka arobaini likingoja tu kuulizwa, akajibu kwa sauti ya mdogo wake:

*Si mimi, bado navuta.*

Kisha akaweka kiganja mdomoni, akakaa hivyo.

Siwema alimshika bega. Baba yake bado alikuwepo kichwani, kalamu nyuma ya sikio, maranda yakianguka moja moja. Randa ilikwenda na kurudi. Midomo ya baba ilikuwa inatembea, na hapakuwa na sauti.